UKIUZA GARI KWA MTU WA MBALI, FEDHA NA JINA VIENDE PAMOJA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wenye maduka, lakini siku hizi inamhusu hata mtu asiye na duka, auzaye gari lake kwa mnunuzi asiyemjua, aishiye mji wa mbali. Katika nyumba nyingi, ukiondoa shamba na nyumba yenyewe, gari ndiyo mali yenye thamani kubwa kuliko zote. Limenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa chama cha ushirika, nalo aghalabu huuzwa wakati wa haja: karo ya watoto, matibabu ya mzazi, au mtaji wa kuanzia kazi mpya. Likipotea siku ya kuuzwa, hasara hiyo haimfiki mwenye gari peke yake. Humfika kila alaye katika chungu chake.

Zamani gari liliuzwa kwa jirani, kwa mtu wa kazini, au kwa jamaa wa jamaa. Leo tangazo huwekwa kwenye simu asubuhi, na kabla ya adhuhuri mtu wa Kisumu anazungumza na mwenye gari aliyeko Mombasa. Baina ya miji hiyo ipo safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 800. Hapo ndipo shaka inapozaliwa. Muuzaji hujiuliza: nikilipeleka gari na hati zake, nami nisilipwe? Mnunuzi naye hujiuliza: nikizituma fedha, nami nisione gari? Hofu zote mbili ni za haki, na dawa yake ni moja. Fedha na jina havipaswi kupishana njiani. Vibadilishane mikono siku moja, mahali pamoja, mbele ya mashahidi.

KITABU SI UFUNGUO

Hapa Kenya hati inayoonyesha gari ni la nani ni kitabu cha usajili, ambacho watu wengi hukiita logibuku. Jina la kitabu limedumu hata pale ambapo hati yenyewe ni karatasi moja tu. Usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, ijulikanayo kwa herufi NTSA, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Yafaa ieleweke kwamba mtu anaweza kuwa na gari uani, ufunguo mfukoni na kitabu kabatini, na bado akawa si mwenye gari machoni pa sheria, maadamu jina lililoandikwa ni la mwingine.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema kwamba yule ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake huhesabiwa kuwa ndiye mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maneno haya ni machache, lakini uzito wake ni mkubwa. Tuseme umeuza gari, umelipwa hadi senti ya mwisho, nawe ukalala usingizi wa raha bila kubadilisha jina. Miezi sita baadaye gari hilo linamgonga mtu, au linakamatwa likiwa limebeba magendo. Askari hawatamtafuta kwanza aliyekuwa akiliendesha mwezi uliopita. Watalitafuta jina lililo katika daftari la serikali, na jina hilo ni lako.

Ni kweli kwamba mahakama zetu zimewahi kukubali ushahidi wa mauziano na kuamua kuwa mwenye jina kitabuni si mwenye gari tena. Lakini ushahidi huo hauna budi kuletwa na wewe mwenyewe, pengine baada ya kuajiri wakili na kuhudhuria mahakamani mara nyingi. Asiye na karatasi atasema nini?

Kwa sababu hiyo sheria hiyohiyo imeweka muda. Mwenye gari akilihamisha kwa mwingine, anatakiwa ndani ya siku 7 kumjulisha msajili jina na anwani ya mwenye gari mpya, pamoja na idadi ya maili au kilomita zilizosomwa katika saa ya gari. Na gari lenyewe halipaswi kutumiwa barabarani kwa zaidi ya siku 14 tangu lilipohamishwa kabla ya mwenye gari mpya kuandikishwa. Basi yule mnunuzi anayesema, “Tia sahihi tu, jina nitabadilisha mwenyewe nikipata nafasi,” anakuomba ubaki na mzigo ambao faida yake ameichukua yeye.

MNUNUZI ACHUNGUZE KABLA YA SAFARI

Mnunuzi wa mbali asipande basi kabla hajaomba taarifa ya gari kutoka kwa NTSA. Taarifa hiyo hupatikana kwa ada ndogo kupitia huduma za serikali za eCitizen, nayo huonyesha jina la mwenye gari, nambari ya chasisi, nambari ya injini na mambo mengine ya usajili. Akifika, ailinganishe na kitambulisho cha taifa cha muuzaji, kisha na nambari zilizochongwa kwenye chuma cha gari lenyewe. Herufi moja ikitofautiana, au pakionekana dalili ya kukwanguliwa na kuchongwa upya, biashara isimame hapo hapo mpaka polisi waseme neno. Sheria ya uuzaji wa bidhaa haina huruma katika jambo hili: asiye na haki ya mali hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Aliyenunua gari la wizi kwa nia njema kabisa anaweza kulipoteza gari na fedha zake pia.

Jambo la pili ni deni. Magari mengi hununuliwa kwa mkopo, na mara nyingi benki huandikwa kitabuni pamoja na mwenye gari. Ukiona majina mawili, jua kwamba muuzaji hawezi kuuza peke yake. Benki itoe kwanza barua ya kuliachilia gari. Aidha, tangu ilipopitishwa sheria ya dhamana za mali zinazohamishika mwaka 2017, ipo daftari ya taifa ambamo wakopeshaji huandikisha mali waliyowekewa rehani. Mnunuzi anaweza kuipekua daftari hiyo. Asiridhike kwa kuona kitabu halisi mkononi mwa muuzaji na kudhani kwamba hapana deni.

Jambo la tatu huwagusa sana wajane na mayatima. Gari la marehemu si la yule aliyebaki na ufunguo. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mtu asiyepewa mamlaka na mahakama hana ruhusa ya kuigusa mali ya marehemu, sembuse kuiuza. Kwa hiyo ami au kaka mkubwa anapoleta gari la ndugu yake aliyefariki, mnunuzi aombe kuona hati ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Naye mjane asikubali gari litolewe uani kwa maneno ya kwamba fedha zitaletwa baada ya matanga.

NJIA ZA MALIPO NA HATARI ZAKE

Fedha taslimu hupendwa na wengi kwa kuwa huonekana. Lakini anayesafiri usiku kucha na mamia ya maelfu ya shilingi amejitia katika hatari, na anayepokea furushi uani hawezi kuitambua kila noti ya bandia. Ikibidi kulipana taslimu, fedha zihesabiwe na karani wa benki dirishani na kuwekwa papo hapo katika akaunti ya muuzaji. Benki ikiuliza asili ya fedha hizo, msikasirike. Ndiyo kazi yake, na mkataba wenu wa mauziano utakuwa jibu.

Hundi inataka subira. Tangu Oktoba 2009 Benki Kuu ya Kenya iliweka kikomo kwamba hundi moja isizidi shilingi milioni moja. Lakini hata hundi ya kiasi kidogo ni ahadi tu mpaka benki iliyoandikiwa iikubali. Tarakimu zinaweza kuonekana katika akaunti yako leo, na kesho zikaondolewa kwa sababu hundi imerudi. Hata ile hundi inayotolewa na benki yenyewe, ambayo watu huiamini sana, huigizwa na wajanja kwa wino na mhuri. Usitoe gari kwa hundi ya aina yoyote mpaka benki yako ikuambie kwamba fedha hizo ni zako na hazirudi.

Simu ya mkononi ni rahisi, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 imetuondolea taabu nyingi. Hata hivyo ina kikomo. Mwaka 2023 kiasi cha juu cha kutuma mara moja kiliongezwa kutoka shilingi 150,000 hadi 250,000, na bei ya magari mengi inazidi hapo. Malipo ya vipande vipande yana hatari yake, kwa sababu kipande cha mwisho ndicho kichelewacho. Isitoshe, wapo watu waandikao ujumbe wa uongo uliofanana na ule wa kampuni, wakautuma kutoka simu ya kawaida. Basi usiamini ujumbe. Fungua akaunti yako mwenyewe utazame salio. Kumbuka pia kwamba aliyetuma anaweza kuiomba kampuni irudishe fedha kwa madai kwamba alikosea nambari, na fedha zikazuiliwa wakati madai yanachunguzwa. Kwa arbuni ndogo simu inatosha. Kwa bei nzima ya gari, hapana.

Njia bora kwa kiasi kikubwa ni uhamisho wa moja kwa moja baina ya mabenki, ambao makarani huuita kwa herufi RTGS. Mpango huo ulianzishwa na Benki Kuu mwaka 2005. Fedha hupita katika vitabu vya Benki Kuu yenyewe, na malipo yakishakamilika, mlipaji hawezi kuyafuta kwa hiari yake kama azuiavyo hundi. Lakini karatasi ya benki ya mnunuzi si malipo. Karatasi huonyesha kwamba ameomba fedha zitumwe. Ni benki yako peke yake iwezayo kukwambia kwamba zimefika.

Katika jambo hili la malipo upo mtego mmoja unaowanasa watu wema. Mnunuzi asiyeonekana, asiyepunguza bei wala kuuliza habari za injini, hutuma hundi iliyozidi bei. Kisha anaeleza kwa upole kwamba ziada ni ya msafirishaji, akuomba umpelekee mtu huyo kwa simu. Wewe unatuma fedha zako halali, na baada ya siku chache hundi inarudi. Ziada uliyoituma haipatikani, na pengine gari nalo limeondoka. Kanuni ni fupi: asiyekuwa na haraka na gari lakini ana haraka na ziada si mnunuzi. Mwambie alete bei kamili, na msafirishaji amlipe mwenyewe.

SIKU YA MAKABIDHIANO

Pamoja na hayo yote, kukutana ana kwa ana kunashinda hila nyingi. Ni nafuu kumlipia mtu nauli ya basi kuliko kulipoteza gari. Chagueni siku ya kazi, asubuhi, na mahali pa makabidhiano pawe ndani ya benki ya muuzaji. Mnunuzi aje na mtu wake, na muuzaji awe na wake. Gari lijaribiwe siku hiyo au jana yake, muuzaji akiwa ndani. Mtu anayetaka kuachiwa gari “alipeleke kwa fundi wake” bila mwenyewe kuwapo asiachiwe.

Mkataba uandikwe nakala mbili. Ndani yake yawemo majina kamili, nambari za vitambulisho na anwani za pande zote mbili, nambari ya gari, ya chasisi na ya injini, kilomita zilizosomwa, bei kwa tarakimu na kwa maneno, njia ya malipo, na hali ya gari, pamoja na kasoro zinazojulikana. Kama palitolewa arbuni, iandikwe ni kiasi gani na itakuwaje mmoja akirudi nyuma. Kama gari litasafirishwa kwa lori, iandikwe ni nani atakayebeba hasara likiharibika njiani. Mwishoni iandikwe tarehe ya makabidhiano na saa yake pia. Saa ina maana kubwa, kwa kuwa ajali ya saa kumi jioni si ya mtu aliyekabidhi gari saa sita mchana. Mashahidi nao watie sahihi. Lakini mkataba usitamke kwamba fedha zimepokewa kabla hazijapokewa. Nafasi hiyo iachwe, ijazwe baada ya benki kuthibitisha.

Baada ya hapo mambo yafuatane hivi. Mnunuzi anatoa amri ya malipo. Wote wanangoja, hata kama ni saa mbili au tatu, hapana anayekwenda kunywa chai na hati za mwenzake. Benki ya muuzaji inapothibitisha, muuzaji hapohapo anafungua akaunti yake ya eCitizen na kuanzisha uhamisho wa jina, kwa kuandika habari za mnunuzi. Mnunuzi naye anaufungua ujumbe katika akaunti yake mwenyewe na kukubali. Ada ya serikali, ambayo hutegemea ukubwa wa injini, ilipwe na yule mliyekubaliana. Kila mmoja ahifadhi uthibitisho. Hapo tu ndipo kitabu na ufunguo vinapotoka mkono huu kwenda mkono ule. Ufunguo uwe wa mwisho.

Muuzaji asimpe dalali wala mnunuzi neno lake la siri la eCitizen, wala tarakimu za siri zinazotumwa kwenye simu yake, hata kwa kisingizio cha kusaidiwa. Aliye na tarakimu hizo ana kalamu ya kutia sahihi kwa jina lako.

Bima nayo isisahauliwe. Sheria, Sura ya 405, inataka kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu. Bima uliyoinunua wewe haimfuati mnunuzi kwa sababu tu amelinunua gari. Mnunuzi akate yake kabla ya kuanza safari ya kurudi kwao, naye muuzaji aiarifu kampuni yake siku hiyohiyo. Safari ya kwanza ya Mombasa hadi Kisumu bila bima inaweza kuwafilisi watu wawili kwa pigo moja.

MSIPOWEZA KUKUTANA

Kuna nyakati kukutana hakuwezekani. Muuzaji yuko kazini Uarabuni, au ni mzee asiyeweza kusafiri. Hapo atafutwe mtu wa kati, naye awe wakili. Mawakili huwa na akaunti maalumu ya kuweka fedha za wateja, iliyotengwa na fedha zao wenyewe. Mnunuzi huweka bei yote katika akaunti hiyo. Wakili huandika barua kwamba amezipokea, na kwamba atamlipa muuzaji jina likishahamishwa. Muuzaji akiisha kuipata barua, anahamisha jina, mnunuzi anakubali, na fedha zinatolewa. Gari lenyewe hukabidhiwa kwa ratiba iliyoandikwa. Gharama ya wakili mnaweza kuigawana.

Lakini wakili naye athibitishwe. Jina lake litafutwe katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, na ofisi yake ipigiwe kwa nambari mliyoipata wenyewe, si ile iliyoletwa na upande wa pili. Wajanja hujifanya mawakili vilevile kama wajifanyavyo wanunuzi. Na ukimtuma mpwa wako apeleke gari, mpe barua inayoeleza mipaka yake: kulipeleka gari na kupokea sahihi. Kupokea fedha kusiwe kazi yake. Bei iende katika akaunti yako.

Wasomaji walio karibu na mipaka wakumbuke jambo moja zaidi. Gari lenye nambari ya Kenya haligeuki kuwa la Tanzania au la Uganda kwa mkataba wa watu wawili. Hapana budi lipite forodhani, ushuru wa nchi liendako ushughulikiwe, na liandikishwe upya huko. Kibali cha muda cha kuvukia mpaka si ruhusa ya kuliuza. Ukimwuzia mtu wa ng'ambo ya mpaka naye akaondoka na nambari zako, jina lako limevuka mpaka pamoja naye.

Huenda mwingine akaona tahadhari hizi ni kumdhania mwenziwe ubaya. Sivyo. Mnunuzi mwaminifu atafurahi kuitwa benki, kwa kuwa yeye naye ana hofu zake, na muuzaji mwaminifu hatakasirika kuombwa kitambulisho. Anayekasirika amekwisha kukuonyesha jambo la kukuokoa. Ukirudi nyumbani ukiwa umeuza gari, tia nakala ya mkataba, uthibitisho wa benki na uthibitisho wa kuhamisha jina katika bahasha moja, na umwonyeshe mkeo au mumeo ilipowekwa. Gari limekwenda zake. Bahasha hiyo itailinda nyumba yako kwa miaka mingi baadaye.